Kabla hujanunua deki ya HD, hesabu diski zako

*Viwango vya diski za picha ang'avu vimebadilika mara kadhaa tangu mwaka 2006. Leo kampuni zinaacha kutengeneza deki, bei za zilizotumika zinashuka, na mnunuzi wa kipato cha kawaida amebaki na maswali ambayo kibandiko cha bei hakiyajibu.*

IJUMAA ya Novemba 2, 2007, wiki tatu hivi kabla ya sikukuu ya Shukrani, wateja wa maduka ya Walmart nchini Marekani waliingia mbio kuwahi deki moja ya Toshiba. Jina lake HD-A2, bei yake dola 98.87. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, deki ya kwanza ya ukoo huo ilikuwa ikiuzwa dola 499.

Deki ile haikuwa feki wala mbovu. Picha yake iliiacha DVD mbali. Kilichowaponza wanunuzi ni diski zake: ilikuwa ya HD DVD, na Februari 19, 2008, kabla hata miezi minne haijatimia, Toshiba ilitangaza jijini Tokyo kwamba inaachana na HD DVD. Kampuni za filamu zikahamia Blu-ray. Deki ya dola 98.87 ikabaki na kazi ya kucheza DVD za kawaida, kazi ambayo hata deki ya bei chee kabisa ingeifanya.

Miaka imepita, lakini anayeingia leo Kariakoo jijini Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kutafuta deki ya HD anakutana na fumbo la aina hiyo hiyo. Kuna deki za DVD zenye kibandiko kikubwa cha "1080p". Kuna Blu-ray zilizotumika, zilizosafiri na mizigo kutoka Japani na nchi za Ghuba. Mara chache kuna za 4K. Na kuna habari ambayo muuzaji hana haraka ya kuisema: wanaozitengeneza wanapungua.

Kambi mbili, mwanga mmoja

DVD iliingia sokoni Japani Novemba 1996. Diski ya sentimita 12, yenye tabaka moja, ilibeba gigabaiti 4.7. Kwa aliyezoea kanda za VHS hiyo ilikuwa hatua kubwa. Picha yake, kwa mfumo wa PAL tunaoutumia huku, ina pikseli 720 kwa 576, na kwenye runinga ya chogo ya inchi 21 hakuna aliyelalamika.

Runinga bapa ndizo zilizoiumbua DVD. Skrini ikitanuka hadi inchi 40, sura ya mtu aliyesimama mbali inaingia ukungu, na maandishi madogo yanapinda kingo. Picha ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Piga hesabu utaona ni mara tano ya DVD. Filamu ya saa mbili kwa ubora huo, ikitakiwa ionekane sawasawa, haitoshi kwenye diski ya zamani.

Njia ilipatikana kwenye mwanga. DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye mawimbi ya nanomita 650. Leza ya bluu inayoelekea zambarau ina nanomita 405, kwa hiyo nukta yake ni ndogo na inaweza kusoma alama ndogo zilizobanana. Mtu aliyefungua mlango huo ni Shuji Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia ya Japani katika miaka ya 1990. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yao ya taa za LED za bluu.

Mwanga ulikuwa mmoja, ila walioushika waligawanyika. Februari 2002 kampuni tisa, zikiwemo Sony, Philips, Samsung, LG na ile ambayo leo tunaiita Panasonic, zilitangaza Blu-ray. Toshiba na NEC wakaja na HD DVD.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya unene wa plastiki. HD DVD iliacha data milimita 0.6 chini ya uso wa diski, kama ilivyo DVD, hivyo viwanda vilivyokuwepo viliweza kurekebishwa kidogo na kuanza kazi. Blu-ray iliisogeza data hadi milimita 0.1 tu kutoka juu. Ikapata nafasi kubwa, gigabaiti 25 kwa tabaka dhidi ya 15 za mwenzake, lakini ikahitaji mitambo mipya na utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo. Upande mmoja ulijenga hoja yake juu ya unafuu, mwingine juu ya nafasi.

Rafiki wa mnunuzi ndiye aliyeanguka

Ukiziweka mezani ahadi za pande zote mbili mwaka 2006, mwenye mfuko mwembamba angechagua HD DVD bila kusita. HD-A1 ya Toshiba ilifika Marekani Aprili kwa zile dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray nchini humo, BD-P1000 ya Samsung, ilifuata Juni kwa dola 999. HD DVD haikuwa na kufuli za maeneo: diski iliyonunuliwa London ilicheza Tokyo bila maneno. Kila deki yake ilikuwa na tundu la kuunganisha intaneti, na kiwango chenyewe kilikuwa kimekamilika tangu siku ya kwanza.

(Tuseme kweli: HD-A1 lilikuwa dude. Ndani mlikuwa na kompyuta kamili, yenye prosesa ya Pentium 4 na mfumo wa Linux, na ukiiwasha ulisubiri karibu dakika nzima kabla haijawa tayari kupokea diski. Wachambuzi waliozipasua na kuhesabu vipuri walikadiria kwamba Toshiba ilikuwa ikiuza chini ya gharama.)

Blu-ray iliingia sokoni ikiwa nusu. Deki zake za mwanzo ziliruhusiwa kufuata toleo la 1.0 la kiwango, kisha kuanzia Novemba 2007 deki mpya zikatakiwa kufikia 1.1, na baadaye likaja 2.0 lenye intaneti. Aliyelipa dola 999 mapema aliweza kuona filamu, lakini nyongeza za diski mpya zilimkatalia.

Pamoja na hayo yote, Blu-ray ikashinda, na deki hazikuwa na mchango mkubwa katika ushindi huo. Filamu ndizo zilizoamua. Sony ina studio yake Hollywood, na Disney na Fox walisimama nayo. Toshiba ilikuwa na Universal. Warner iliuza pande zote mbili. Agosti 2007 Paramount na DreamWorks Animation walihamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba walilipwa dola milioni 150 kwa uamuzi huo. Sony nayo, tangu Novemba 2006, ilikuwa imeitia Blu-ray ndani ya PlayStation 3. Kijana akinunua mashine ya michezo, familia inajikuta na deki ya filamu sebuleni bila kukusudia.

Januari 4, 2008 Warner ikachagua Blu-ray. Kambi ya HD DVD ilikuwa na mkutano na wanahabari Las Vegas siku chache baadaye, ikaufuta. Februari 11 Netflix na maduka ya Best Buy wakafuata. Februari 15 ikawa zamu ya Walmart, duka lile lile lililouza deki kwa dola 98.87. Siku nne baadaye Toshiba ikasalimu amri, na mwaka 2009 ikatoa deki yake yenyewe ya Blu-ray. Teknolojia ya HD DVD ilipata maisha mafupi ya pili nchini China kwa jina la CBHD, kisha ikapotea.

> Aliyeangalia bei peke yake hakuwa na namna ya kujua. Aliyehesabu studio alikuwa nayo.

Studio nyingi zilikuwa upande wa Blu-ray tangu mwanzo, na hilo halikuwa siri. Lilikuwa likiandikwa kila wiki. Ndiyo maana naona kisa hiki kinafundisha zaidi kuhusu ununuzi kuliko kuhusu teknolojia: deki ni mlango tu, na thamani yake iko kwenye kile unachoweza kukiingiza ndani.

Mshindi naye hakutulia

Baada ya ushindi, kiwango cha Blu-ray kiliendelea kusogea. Desemba 2009 kikakamilishwa kiwango cha 3D, na kwa miaka michache kila sanduku la deki likawa na picha ya familia iliyovaa miwani. Huo ulikuwa upepo, ukapita.

Badiliko zito lilikuja na 4K. Kiwango cha Ultra HD Blu-ray kilikamilika mwaka 2015, na mwanzoni mwa 2016 Samsung ikaanza kuuza deki yake Marekani kwa dola 399. Diski hizo zinabeba hadi gigabaiti 100, na picha yake ina pikseli 3,840 kwa 2,160, mara nne ya Full HD. Kwa macho ya wengi, tofauti inayoonekana zaidi hata kuliko wingi wa pikseli ni HDR, yaani upana wa mwanga kutoka giza hadi weupe mkali.

Hapa kuna jambo ambalo mnunuzi analipia asipolijua. Deki ya kawaida ya Blu-ray haisomi diski ya 4K. Hakuna sasisho la programu litakaloiwezesha, kwa sababu leza na vifaa vyake vya ndani havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kinyume chake kinawezekana: deki ya 4K inasoma Blu-ray ya kawaida na DVD.

Mashine za michezo zina vituko vyake. Xbox One S ya Agosti 2016 inasoma diski za 4K. PlayStation 4 Pro iliyotoka Novemba mwaka huo huo haizisomi, ingawa Sony ndiyo mama wa Blu-ray. PlayStation 5 yenye mdomo wa diski inazisoma, lakini haichezi CD za muziki, kwa hiyo mwenye CD zake za taarabu au kaswida asitegemee kuzisikiliza humo. Zile zinazoitwa Digital hazina mdomo kabisa. Ukiona bei imeshuka kupita kiasi, angalia kama tundu la diski lipo.

Wanaoaga na wanaobaki

Oppo, iliyopendwa na wapenzi wa sinema za nyumbani, iliacha kutengeneza deki mwaka 2018. Samsung ikafuata 2019. Mwisho wa mwaka 2024 LG nayo ikajitoa. Miongoni mwa majina makubwa ya dunia, waliobaki ni Sony na Panasonic. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 29, 2023. Best Buy iliondoa diski za filamu madukani mwaka 2024. Februari 2025 Sony ikasitisha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia. Hizo za kurekodia zisichanganywe na diski za filamu: filamu mpya bado zinatoka kwenye Blu-ray.

Wanaosema zama za diski zimekwisha wana hoja. Simu inaonyesha filamu, runinga janja inaonyesha filamu, na hakuna diski ya kukwaruzika. Kijana wa leo anaweza kumaliza chuo asiwahi kushika rimoti ya deki.

Ila hoja yao imejengwa mahali ambapo intaneti inalipiwa kwa mwezi na haihesabiwi. Netflix yenyewe inaeleza kwamba picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na 4K hadi 7. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 6 au 14. Anayenunua bando kwa siku au kwa wiki anajua maana ya tarakimu hizo bila kuelezwa. Diski ukiilipia mara moja, unaiangalia mara kumi, na jirani anaiazima.

Kuna na suala la umiliki. Filamu uliyo"inunua" kwenye huduma ya mtandaoni mara nyingi ni ruhusa ya kuitazama, na ruhusa inaweza kuondolewa mkataba wa huduma na studio ukiisha. Jimbo la California liliona tatizo hilo ni kubwa kiasi cha kutunga sheria: tangu Januari 2025 wauzaji wanatakiwa kumwambia mteja wazi kwamba analipia leseni.

Upande wa diski nao usijifanye malaika. Blu-ray imefungwa kwa funguo za siri zinazobadilishwa mara kwa mara, na deki ya zamani inaweza kukataa diski mpya mpaka isasishwe. Mtengenezaji akishaondoka sokoni, masasisho hayo nayo hukauka. Juni 2020 deki nyingi za Blu-ray za Samsung zilizounganishwa na intaneti zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe bila kikomo, na kampuni ikalazimika kuzipokea kwa matengenezo. Mashine ya diski ilipigwa chini na intaneti.

Kibandiko kinachosema nusu ya ukweli

Sasa turudi kwenye rafu. Deki nyingi za DVD zenye tundu la HDMI zimeandikwa "Full HD 1080p" kwa herufi kubwa, na neno la kueleza kwamba picha inakuzwa tu limewekwa kwa herufi ndogo, kama lipo. Deki hiyo inachukua pikseli 414,720 za DVD na kuzitandaza kwenye skrini ya pikseli 2,073,600. Nafasi zilizobaki inazijaza kwa kukisia. Picha inalainika kidogo, hilo ni kweli. Lakini leza ni ile ile nyekundu, na ukiipa diski ya Blu-ray itaizungusha, itahangaika, kisha itaandika kwamba hakuna diski.

Si wizi. Ni deki halali kwa kazi yake. Kosa ni kuilipia bei ya Blu-ray. Tafuta nembo ya Blu-ray kwenye mwili wa deki yenyewe, maana sanduku la karatasi linaweza kuwa la ndugu yake.

Igeuze, usome mgongo

Mbele ya deki kuna urembo. Habari ziko nyuma.

Anza na matundu. Wengi wetu tulizoea nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ambazo ziliunganisha kila kitu kuanzia VHS hadi king'amuzi. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, runinga za chogo ziliokolewa na nyaya hizo hizo: king'amuzi upande mmoja, chogo upande wa pili, maisha yakaendelea. Kwa Blu-ray mambo ni tofauti. Masharti ya leseni ya mfumo wa ulinzi wa diski, uitwao AACS, yalielekeza kwamba deki zitakazotengenezwa baada ya mwaka 2013 zisitoe picha kabisa kwa njia ya analojia. Studio ziliogopa kunakiliwa. Matokeo yake ni kwamba deki mpya ya Blu-ray ina HDMI peke yake kwa upande wa picha. Mwenye chogo akiinunua, atarudi nayo nyumbani asipate pa kuchomeka.

Kwa 4K kuna sharti jingine: tundu la HDMI la runinga liwe linaunga mkono HDCP 2.2, mfumo wa kuzuia picha isinakiliwe. Baadhi ya runinga za 4K za mwanzo hazina, au zina tundu moja tu lenye uwezo huo.

Kisha soma kibandiko cha umeme. Hiki ndicho kinachoua deki nyingi za mtumba na zawadi za ndugu walioko ughaibuni. Deki iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100. Ya Marekani ni 120. Huku kwetu ukutani mna takriban 230. Ikichomekwa moja kwa moja, moshi unatoka kabla hujakaa kwenye kiti. Kinachotakiwa ni kibandiko kinachosema 100–240V. Kisiposema hivyo, bei ya transfoma ya kushusha umeme iingize kwenye hesabu, na mara nyingi unafuu wote unaishia hapo.

Halafu kufuli za maeneo, ambazo HD DVD haikuwa nazo na Blu-ray inazo. Kwa DVD, Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ni eneo la 5; Ulaya, Ghuba na Afrika Kusini ni la 2; Marekani ni la 1. Deki nyingi za bei rahisi za DVD zinasoma maeneo yote, kwa hiyo watu wamesahau kama kufuli hizo zipo. Kwa Blu-ray ramani ni nyingine. Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati ni eneo B. Marekani na Japani ni A. India, China na Urusi ni C. Deki iliyotumwa na shemeji kutoka Chicago itakuwa ya A, na Blu-ray iliyonunuliwa Dubai au London inaweza kuikataa. Mara nyingi itakataa hata DVD za PAL. Diski za 4K zenyewe hazina kufuli hizo, ingawa nyingine huuzwa zikiwa zimefungashwa pamoja na Blu-ray ya kawaida ambayo inazo.

Kwa ufupi, deki ya mtumba kutoka Muscat au Dubai ina nafasi nzuri ya kufaa huku: umeme unalingana na eneo ni B. Ya kutoka Japani, hata ikiwa safi na ya nusu bei, ina kasoro mbili kabla hujaifungua.

> Ya kutoka Ghuba inakuja na umeme wetu na eneo letu. Ya kutoka Japani haina vyote viwili.

DVD ya harusi

Makala nyingi za kigeni kuhusu deki za HD huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kabati la filamu za Hollywood. Fungua droo ya kabati la runinga katika nyumba zetu uone kilichomo. Harusi ya dada mkubwa. Maulidi. Mahafali ya kidato cha nne. Mahubiri. Filamu za Bongo zilizonunuliwa enzi zile kila mtaa una duka la DVD. Mazishi ya babu, kwenye diski nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Hizi ndizo diski ambazo deki mpya itafanya nazo kazi mara nyingi, na nyingi ni za kurekodiwa, si za kiwandani. Diski ya kiwandani imegongwa alama zake kwenye plastiki. Ya kurekodiwa ina tabaka la rangi iliyochomwa kwa leza, na rangi hiyo hufifia kwa joto, jua na unyevu, vitu ambavyo Pwani tunavyo vya kutosha. Diski iliyochezwa vizuri miaka kumi iliyopita inaweza leo kukwama katikati ya keki.

Deki ya Blu-ray huzisoma DVD za namna hii, mradi mpiga video aliifunga diski ipasavyo baada ya kurekodi. VCD ni bahati nasibu, nyingine zinasoma na nyingine hazisomi. Wala usitarajie maajabu ya ubora: harusi iliyopigwa kwa DVD itabaki na pikseli zake 414,720 hata ikichezwa kwenye deki ya gharama kubwa. Kilichofaa kukufanya uharakishe ni kuihamisha. Kompyuta yenye mdomo wa DVD inanakili diski ya nyumbani kwenda kwenye diski kuu au flashi, na stejshenari nyingi za mtaani hufanya kazi hiyo kwa malipo madogo. Nakili mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Ndiyo maana tundu la USB kwenye deki si nyongeza ya urembo. Deki nyingi za Blu-ray zinasoma faili za MP4 na MKV kutoka kwenye flashi. Siku diski ya harusi itakapogoma, nakala itachezea hapo hapo.

Basi ununue ipi?

Asiye na diski nyumbani asinunue deki yoyote. Pesa hiyo inafaa zaidi kwenye bando au kwenye runinga yenyewe. Mwenye PlayStation 3, 4 au 5, au Xbox One au Series X yenye mdomo wa diski, tayari ana deki ya Blu-ray, na kununua ya pili ni kujaza kabati. Mwenye chogo na DVD za familia anatoshwa na deki ya DVD ya bei chee. Asilipie hata senti moja ya ziada kwa ajili ya neno 1080p.

Kwa aliye na runinga bapa ya Full HD au 4K na diski za kutosha, chaguo langu ni Blu-ray ya kawaida, si ya 4K. Marekani deki mpya za daraja hilo hupatikana chini ya dola 100, na hapa zilizotumika ni nafuu zaidi. Nafasi ya kwanza nampa Sony au Panasonic, kwa sababu bado wapo na masasisho yao bado yanatoka. LG na Samsung zilizotumika si mbaya kama bei ni ndogo kweli, lakini zinunue ukijua mwenye nyumba ameshahama, na baada ya kuisasisha mara moja usiiache kwenye intaneti bila sababu.

Deki ya 4K, ambayo huko nje mpya huanzia takriban dola 200, ina maana kwa mtu mwenye runinga kubwa ya HDR, inchi 55 kwenda juu, na njia ya uhakika ya kupata diski zake. Diski hizo madukani kwetu ni adimu. Bila ndugu wa kuzileta, umenunua deki ya Blu-ray kwa bei ya mbili. Anayeitaka kwa nguvu atafute Xbox One S iliyotumika, ile yenye mdomo wa diski, na akumbuke kwamba mara ya kwanza inahitaji intaneti ili kupakua programu ya Blu-ray.

Na siku ya kwenda dukani, beba diski tatu kutoka nyumbani: DVD ya kiwandani, DVD ya kurekodiwa ya shughuli ya familia, na Blu-ray moja hata kama ni ya kuazima. Beba na flashi. Omba deki ichomekwe kwenye umeme wa ukutani bila transfoma, kila diski ichezwe dakika chache, kisha iruke hadi mwisho wa filamu, maana lenzi iliyochoka husoma mwanzo wa diski na kushindwa kwenye kingo. Muuzaji akisema zote zimeshajaribiwa na hazina haja ya kujaribiwa tena, mshukuru, chukua diski zako, nenda duka la pili.